Je, chopa ndiyo pikipiki yenye starehe kuliko zote?

Wengi huamini kwamba chopa, kwa kuwa ni ndefu na dereva wake huketi ameegemea nyuma, haina mpinzani kwa starehe safarini. Ni rahisi kuelewa dhana hiyo inakotoka: mkao wenyewe unafanana na wa mtu aliyejipumzisha kitini. Uzuri wake pia, nakiri, hushawishi.

Kwenye barabara iliyonyooka dhana hiyo ina ukweli. Uma wa mbele, yaani vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, ukiwa umelazwa huisaidia pikipiki kushika njia bila kuyumba. Mwendo ukipungua mambo hubadilika: gurudumu la mbele huelemea upande, usukani huwa mzito, na kugeuza kunahitaji nafasi pana. Tena chopa nyingi za kuundwa kwa oda hazina shokapu za nyuma, hivyo kila shimo humfikia dereva mgongoni.

Kujihakikishia ni rahisi. Chungulia nyuma ya kiti: je, fremu imeshuka moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma? Kama ndivyo, huenda haina shokapu. Baadhi huficha shokapu chini ya fremu, kwa hiyo kalia, bonyeza, uone kama inanesa. Kisha zima injini, isukume taratibu na ujaribu kukata kona.