Je, wajua kwa nini CNC hukoroma pembeni ikanyamaza katikati?

Mashine ndogo ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), ile ya mezani inayochonga mninga na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) katika karakana ya Kizota au Area C hapa Dodoma, huweza kufanya kazi saa nzima bila tatizo. Kisha kila spindo, kile kichwa kinachozungusha biti ya kuchongea, ikifika pembe ya kulia inatoa mkoromo: krrr! Meza inatetemeka, spindo haisogei. Ukiirudisha katikati inatulia kabisa. Wengi hukimbilia kupaka grisi au kununua mota nyingine, wakati mara nyingi kilichokufa ni waya mmoja uliokatikia ndani ya ganda lake.

Mota inayosogeza spindo ni mota ya hatua, yaani huzunguka hatua kwa hatua. Ina koili mbili, kila moja na nyaya zake mbili. Draiva, kifaa kinachoiendesha mota, huzipa umeme kwa zamu, na mpangilio wa zamu hizo ndio unaoamua mota izunguke upande gani. Koili moja ikikosa umeme, iliyobaki huvuta mbele na nyuma tu, mota ikatetemeka isijue pa kwenda. Waya nao hukatika pale unapokunjwa mara elfu, huku plastiki ya nje ikibaki nzima. Spindo ikiwa katikati, ncha zilizokatika hugusana. Ikienda pembeni, mkunjo unazitenganisha.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza mashine inalia vipi, uliza inalia lini. Ikilia palepale kila mara, shuku waya au skrubu ndefu ambayo mota huizungusha ili spindo isogee. Ikilia kwenye kasi ileile popote ilipo, ni mtetemo wa mota. Ikigonga kila inapogeuza mwelekeo, kuna kitu kimelegea.

Kujua kama tatizo ni waya au skrubu ni kazi ya dakika tano. Zima umeme, kisha zungusha skrubu kwa mkono hadi mahali penye mlio. Zungusha polepole, maana mota inayozungushwa kwa kasi huzalisha umeme unaorudi kwenye draiva. Ukihisi ugumu mahali hapo, tatizo ni skrubu, nati au reli. Ikiteleza vizuri, chomoa konekta ya mota upande wa draiva, umeme ukiwa bado umezimwa. Kuichomoa ikiwa inawaka huweza kuua draiva papo hapo. Weka multimita kwenye ohm, pima koili moja moja. Mota nyingi ndogo husoma ohm chache, na koili zote mbili zinapaswa kulingana. Sasa mtu mwingine asogeze spindo kidogo kidogo kutoka mwisho hadi mwisho, huku wewe ukitazama namba kila anaposimama. Ikiruka au ikipotea, umepata mahali penyewe.

Usiunge waya huo kwa risasi ndani ya sehemu inayokunjwa. Kiungo ni kigumu, na waya utakatika tena pembeni yake. Badilisha wote. Na tafadhali usitumie waya wa ukutani wenye uzi mmoja mnene, hata kama ndio uliobaki dukani: huo umetengenezwa ukae kimya ndani ya ukuta. Chukua waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Milimita za mraba 0.5 zinatosha mota ya ampea 2.

Cheni ya plastiki inayobeba nyaya huandikwa namba ya mkunjo wake. R28 maana yake hukunjwa kwa nusu kipenyo cha milimita 28. Kebo inayosogea hupenda mkunjo usiopungua mara 7.5 ya unene wake, hivyo kebo ya milimita 6 inahitaji karibu milimita 45. Ukiilazimisha ndani ya R28, unahesabu siku tu. Urefu wa cheni hupatikana hivi: nusu ya safari, jumlisha 3.14 mara R, halafu ongeza pingili mbili tatu, mradi upande usiosogea umefungwa katikati ya safari. Safari ya milimita 300 na R28 hutoa 150 + 88, yaani 238 kabla ya pingili za ziada. Ndani ya cheni nyaya zilale sambamba, zisisukwe wala kufungwa pamoja. Zifungwe kwenye ncha mbili za cheni tu, ili mvuto usifike kwenye konekta.

Waya wa swichi za mwisho, zile zinazoizuia mashine isivuke ukingo, usiupitishe bega kwa bega na wa spindo. Spindo hutupa makelele ya umeme, na mashine husimama ikidai imegonga swichi ambayo hakuna aliyeigusa. Zitenganishe angalau sentimita 10. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Skrubu nazo zina adui wao hapa. Kati ya Juni na Oktoba Dodoma karibu haipati mvua, na vumbi jekundu huingia hata dirisha likifungwa. Likichanganyika na grisi na unga wa mbao huwa kama msasa wa majimaji, unaokula nati ya shaba huku ukisikia mlio wa kukwaruza. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pitisha mswaki mkavu kwenye meno, kisha weka matone matatu ya oili ya cherehani. Usipulize kwa kompresa, utasukumia vumbi ndani ya beringi.

Mngurumo wa kasi moja ni rahisi zaidi. Mota hizi hutetemeka karibu na nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja kwa sekunde. Kwenye skrubu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, hiyo ni milimita 240 hadi 480 kwa dakika. Pita kasi hiyo, juu au chini.

Mlio wa "tak" wakati wa kugeuza, tazama kaplingi kati ya mota na skrubu. Chora mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito ukivuka shafti na kaplingi, endesha mashine nusu saa bila biti, kisha angalia. Mstari ukiwa umeachana, kaza kiskrubu cha kaplingi kwenye sehemu bapa ya shafti, uchore mwingine.