Nafuu ya Gari la Umeme ya Nchi Nyingine Haivuki Horohoro

Malalamiko yanayofika dirisha letu la elimu kwa mlipakodi hapa Tanga yamebadilika. Zamani mtu alilalamikia tozo ya uchakavu, ile inayotozwa gari kuukuu linapoingizwa nchini. Sasa anakuja na simu mkononi, kaona video kwamba gari la umeme halina kodi, na gari lenyewe keshalilipia. Ndugu zangu wa Ngamiani, Chumbageni, Muheza na Pangani, nawaomba muulize kabla ya kutuma fedha.

Video hizo mara nyingi hazisemi uongo, ila zinasema ya kwingine. Marekani ilimpunguzia mnunuzi hadi dola 7,500 katika kodi yake ya mapato, na nafuu hiyo ikakoma kwa magari yaliyonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025. Norway ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) yote, kisha mwaka 2023 ikaanza kuitoza kwenye sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000. Kenya mwaka 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari hayo kutoka asilimia 20 hadi 10. Ukinunua gari Mombasa ukalipitisha mpakani Horohoro ulisajili huku, unakadiriwa kwa sheria ya Tanzania. Bado wapo wanaobisha kwamba sote ni Afrika Mashariki! Gari lililoundwa Japani haligeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kukaa Mombasa.

Hesabu huanzia thamani ya forodha: bei, bima na nauli ya meli. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya kwa magari ya abiria ni asilimia 25. Kwa thamani ya shilingi milioni 20, ushuru wa forodha ni milioni 5. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya milioni 25, yaani milioni 4.5, kabla ya kuingiza ushuru wa bidhaa na tozo nyingine. Wengi hupiga 18 kwenye bei ya mtandaoni, kisha wanadhani wameonewa.

Nafuu ikiwepo, huandikwa katika Sheria ya Fedha inayoanza Julai 1 au Gazeti la Jumuiya, kwa namba ya bidhaa. Gari linaloendeshwa kwa umeme pekee ni 8703.80. Haibridi ya petroli, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ni 8703.40, na inayochajiwa kwa waya ni 8703.60. Haibridi si gari la umeme kwa forodha, hata muuzaji akiliita hivyo.

Kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iwasilishwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Gari lisipogombolewa huhamishiwa ghala la forodha, hutangazwa, kisha hupigwa mnada. Tamko la uongo, ikiwemo ankara iliyopunguzwa bei, chini ya kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Usiseme wakala ndiye aliyejaza. Anajaza kwa niaba yako.

Njoo na ankara ya awali yenye modeli, mwaka wa kutengenezwa na aina ya mtambo. Kupigiwa makadirio ni bure.