Laminarini: akiba ya mwani wa kahawia

Dondoshea iodini kwenye wanga wa viazi, papo hapo unageuka bluu nzito. Dondoshea kwenye laminarini, ule unga mweupe tunaoutoa kwenye mwani wa kahawia, na hakuna kinachobadilika. Vyote ni akiba ya chakula iliyojengwa kwa glukosi, ila viungo vinavyounganisha glukosi hizo ni tofauti: wanga hutumia kiungo kiitwacho alfa 1,4, laminarini hutumia beta 1,3, na hapa na pale tawi la beta 1,6. Minyororo yake ni mifupi, glukosi 20 hadi 30 hivi, na baadhi huishia na manitoli, aina ya pombe-sukari.

Wengi huichanganya na alginati. Alginati hujenga ukuta wa seli, nayo ndiyo inayogandisha vyakula. Laminarini hukaa ndani ya vakuoli, vifuko vya ndani ya seli, ikingoja siku za njaa, kwa hiyo ukikosea msimu wa kuvuna unaambulia patupu. Laminaria, mwani wa kahawia wa bahari za kaskazini, zikivunwa vuli, laminarini inaweza kufikia theluthi ya uzito mkavu. Baridi ikiisha, sehemu kubwa imeshatumika.

Matumizi yanayonivutia zaidi yako shambani. Huko Ulaya, laminarini hunyunyiziwa ngano, tufaha na stroberi dhidi ya magonjwa ya kuvu kama ubwiri unga, ingawa yenyewe haiui kuvu hata mmoja. Kuta za kuvu nazo zina glukani (minyororo ya glukosi) za beta 1,3, hivyo mmea ukiguswa na laminarini hudhani umevamiwa, ukaanza kutengeneza kemikali za kujilinda na vimeng'enya vya kuvunja kuta hizo. Lazima upulize mapema. Ukishauona unga mweupe wa ubwiri umetanda kwenye majani, hii siyo dawa yako.

Tumboni mwetu hatuna kimeng'enya cha kuivunja. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wakaichachusha na kutoa asidi za mafuta za mnyororo mfupi, butireti ikiwemo. Ndiyo sababu imejaribiwa sana kwenye chakula cha nguruwe walioachishwa kunyonya. Vidonge vya "kuongeza kinga" mimi bado sivipigii debe. Matokeo ya maabara ni mengi kuliko ya binadamu.

Wanaotaka kutengeneza ethanoli kutokana na laminarini hukwama palepale kwenye kiungo cha beta 1,3: hamira ya kawaida haiigusi laminarini mpaka kimeng'enya kiitwacho laminarinasi kiikate kuwa glukosi. Hata hapo, manitoli ya kwenye ncha mara nyingi hubaki ilivyo.