Asilimia 94 ya Oktoba

Kila mwaka ikifika katikati ya Oktoba napata ujumbe ule ule. Anayeutuma hubadilika, kipa wa hoki ya barafuni anayesifiwa hubadilika, maneno hayabadiliki: "Kijana anaokoa asilimia 94! Mwaka huu tumepata kipa. Wale wa Grand Forks, kipa wao ana 88, wamekwisha." Safari hii ulianza kwa shemeji, ukaja kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakenya wa Brooklyn Park, halafu akanitumia mzazi ambaye video za mwanawe ni mimi ninayezichambua. Shemeji nilimwacha, kikundi nikakinyamazia. Huyo mzazi ndiye aliyenifikisha hapa.

Kazi yangu ni kutazama video za hoki ya barafuni na kuandika kila shuti: limetoka wapi, nani alisimama mbele ya kipa, paki (kile kisahani kinachopigwa badala ya mpira) ilirudi upande gani. Nawafanyia timu za vijana na za shule hapa Minnesota. Gophers wa Chuo Kikuu cha Minnesota nawatazama kwa mapenzi, silipwi. North Dakota, hao wa Grand Forks, nawatazama kwa chuki, hiyo nayo silipwi.

Basi tufanye hesabu, ni fupi. Wiki tatu za kwanza ni mechi sita, maana huku vyuo vinacheza Ijumaa na Jumamosi na mpinzani yule yule. Kipa anapigiwa mashuti kama 25 kwa mechi. Jumla 150. Mwenye asilimia 94 amefungwa mabao 9. Kipa wa kawaida kabisa wa asilimia 91 angefungwa 13 au 14. Hizi sherehe zote ni za mabao manne na nusu, yaliyotawanyika katika mechi sita. Paki mbili zikigonga mwamba na kutoka nje, moja ikimgonga beki mguuni, nyingine mwamuzi akiifuta, hiyo ndiyo sherehe yote.

Sasa tuseme makipa wote wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, wako sawa sawa, kila mmoja ni wa asilimia 91, hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Kwa mashuti 150, kama mmoja kati ya wanane atamaliza Oktoba akiwa na 94 au zaidi kwa bahati tu. Timu ni zaidi ya 60. Kwa hiyo hata dunia ikiwa haina kipa mzuri hata mmoja, mwishoni mwa Oktoba utaletewa majina ya mashujaa saba au wanane. Na kila shujaa atakuwa na shemeji yake.

Hapo ndipo watu huniambia, "Sawa, lakini mimi nimemwona kwa macho." Vizuri. Umeona nini? Hili ndilo linalonikera kuliko hesabu yenyewe.

Chukua mashuti mawili. La kwanza: beki wa wapinzani yuko karibu na mstari wa buluu, mpaka wa eneo la kushambulia mbali na goli, pembeni, hana presha, anaachia paki kwa mbali. Kipa anaiona tangu inatoka kwenye fimbo, anajaza kifua, anaikumbatia, filimbi inalia, mashabiki wanapiga makofi. La pili: beki yule yule, mahali pale pale, ila sasa kuna jitu la kilo 95 limesimama pua kwa pua na kipa, limempa mgongo. Kipa anachungulia bega la kulia, jitu linaegemea kulia. Anachungulia kushoto, paki imeshaondoka. Njiani inagusa ncha ya fimbo ya mtu, inashuka, inapita kati ya magoti. Kwenye karatasi ya takwimu la kwanza ni shuti moja, limeokolewa. La pili ni shuti moja, bao. Uzito ni mmoja. Kipa wa mashuti ya kwanza anaitwa ukuta, wa mashuti ya pili anaitwa kikapu, na huenda wangebadilishana jezi usingeona tofauti.

Swali la kuuliza kwa hiyo ni nani alimwondoa yule jitu pale mbele. Hiyo ni kazi ya mabeki. Mara nyingi asilimia 94 ya Oktoba ni ya mabeki wanne wazuri na wapinzani wawili dhaifu, na imeandikwa kwa jina la kipa kwa sababu safu ya takwimu ni yake. (Na mechi ya kirafiki dhidi ya timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 18 haihesabiwi kabisa. Tafadhali.)

Halafu kuna matokeo yenyewe. Timu ikiongoza kwa mabao mawili kipindi cha tatu, yaani cha mwisho, inarudi nyuma, inalinda katikati, inamwachia mwenzake apige kutoka pembeni. Mwenzake atapiga kumi na tano, karibu yote yasiyo na hatari. Kipa wa anayeongoza atazidiwa mashuti na asilimia yake itapanda. Ukisoma karatasi asubuhi utasema "aliwaokoa". Hakuwaokoa, alivuna. Na lile 5-2 unalolipigia kelele lilikuwa 3-2 hadi dakika mbili za mwisho: wapinzani wakamtoa kipa wao wapate mchezaji wa sita, wakafungwa mara mbili kwenye goli tupu. Mabao ya goli tupu hayahesabiwi kwa kipa, lakini yamekuingia wewe kichwani kama ushindi mkubwa.

Gophers wenyewe ni ushahidi. Mwaka 2021 Jack LaFontaine wetu alitwaa tuzo ya Mike Richter, ya kipa bora wa vyuo nchi nzima. Msimu uliofuata ni kijana yule yule, jezi ile ile, na namba zake zikashuka wazi. Januari 2022 Carolina Hurricanes, timu ya hoki ya kulipwa, walipungukiwa makipa, wakamwita, akaondoka katikati ya msimu. Mji ukaingia matanga. Akabaki Justen Close, ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajacheza karibu chochote. Timu haikuanguka. Ikashika nafasi ya kwanza Big Ten, konferensi yetu (kundi la vyuo vinavyochezeana), ikafika Frozen Four, nusu fainali ya taifa. Mwaka uliofuata Close akatufikisha fainali pale Tampa. Hapo Oktoba 2021, nani alituma ujumbe wa kumsifu Close? Nasubiri.

Na kwa kuwa tumeitaja Tampa, mnikubalie nijikune kidonda. Fainali ya 2023 dhidi ya chuo cha Quinnipiac tuliongoza 2-0. Aliyetazama ubao alikuwa anapanga gwaride. Sisi wa kuhesabu mashuti tulikuwa tunakosa raha, maana wao walikuwa wanapiga na sisi tumekaa. Mwisho wa mchezo walikuwa wametupiga mara mbili ya mashuti yetu. Wakasawazisha wakiwa wamemtoa kipa, kisha kwenye muda wa ziada wakafunga sekunde ya kumi. Sekunde ya kumi! Sitasema zaidi.

Sasa kuna kundi la pili, nao wananikera kwa upande wa pili. Wamesikia mahali kwamba "Oktoba ni mapema", basi kila tukifungwa wanasema haina maana, msimu unaanza Januari. Hapana. Oktoba haikuambii mengi kuhusu nani bora, lakini inahesabiwa sana. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya kila mwaka.

Mashindano ya taifa yanachukua timu 16. Sita ni mabingwa wa konferensi sita, wengine kumi wanachaguliwa kwa hesabu. Zamani hesabu hiyo ilikuwa Pairwise, kuanzia msimu wa 2025–26 ni NPI. Fomula imebadilika, msingi haujabadilika: ulishinda nani, na huyo naye alishinda nani. Timu saba za Big Ten zinachezeana mechi 24 kati ya kama 34 za msimu. Katika hizo 24, kila ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwingine wa nyumba hiyo hiyo, konferensi kama konferensi haipandi wala haishuki. Thamani ya nyumba nzima inapangwa na zile kumi za nje, na nyingi huchezwa kabla ya theluji kukaa chini. Ndiyo maana Michigan State, ambao sitawashangilia Februari hata kwa pesa, nawashangilia Oktoba wakicheza na watu wa Hockey East, konferensi nyingine. Wakishinda wao, mechi zangu za Februari zinapanda bei.

Na ndiyo maana North Dakota inauma. Hadi 2013 tulikuwa konferensi moja, WCHA. Big Ten ilipoanzisha hoki tukaenda huku, wao wakaenda konferensi nyingine, NCHC. Sasa tukikutana kwa kawaida ni mwanzoni mwa msimu, nje ya konferensi, yaani kwenye zile mechi zenye uzito mkubwa na zinazokuambia machache kuliko zote. Kutoka Minneapolis hadi Grand Forks ni kama kilomita 500, na kuna watu wanaiendesha barabara hiyo ili wakazomee tu. Wana mataji 8 ya taifa, sisi 5, na letu la mwisho ni la 2003. Wananikumbusha hilo kabla hata hatujasalimiana.

Mnataka maoni yangu ya timu? Haya, kwa macho. Majina ya makipa wa sasa sitayataja, ni vijana wa vyuo na hesabu yenyewe mmeiona. Upande wetu, kasi ipo. Kinachonisumbua ni kutoa paki nyuma. Beki anaichukua nyuma ya goli, mshambuliaji wa pembeni ameshakimbia mbele badala ya kushuka kumpokea, beki anaipiga kwenye ukuta wa pembeni kwa matumaini, na wapinzani wanaipokea kwenye mstari wa buluu kama waliiagiza. Hilo likijirudia mara kumi kwa usiku, hata kipa wa asilimia 94 atakuwa wa 89 ikifika Krismasi, na mtasema amepotea. North Dakota kwa upande wao ni wazito pale mbele ya goli, kama kawaida yao, na paki ya pili ni yao: wakikosa shuti wa kwanza kuifikia ile iliyorudi ni mmoja wao. Hilo haliji kwa bahati. Wakati huo huo wanafanya faulo za kijinga, za fimbo, mbali kabisa na goli lao, na hilo kocha anaweza kulirekebisha kwa wiki mbili. Kwa hiyo mimi nawaogopa zaidi kuliko asilimia 88 ya kipa wao inavyonitaka niwaogope.

Sasa yale nisiyo na uhakika nayo, maana yapo. Kwanza, hata msimu mzima hautoshi. Mechi 35 ni kama mashuti 875, na kwa idadi hiyo bahati peke yake bado inaweza kumsogeza kipa asilimia moja nzima juu au chini. Mtu wa 91.5 na mtu wa 90.8 mwezi Machi, sijui nani bora, na anayejua sijui amejuaje.

Pili, wenzetu wa hoki ya kulipwa wana kanuni nzuri: jumlisha asilimia ya mashuti ya timu yanayoingia golini na asilimia ya kuokoa ya kipa wake, baada ya muda inarudi karibu na 100. Vyuoni siamini kwamba inarudi vizuri hivyo. Tofauti ya vipaji ni kubwa mno, na tangu Agosti 2025 wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada waruhusiwe vyuoni imekuwa vurugu. Gavin McKenna, nyota wa ligi hizo, alikwenda Penn State, ambayo ilianza hoki ya daraja hili 2012 tu. Mazoea yetu ya kukisia "hii ni timu ya wachezaji wapya, itachukua muda" yalijengwa kabla yao. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuja na misimu mitatu ya mechi 68 za ligi hizo. Hapo nakisia kama ninyi.

Tatu, na hili wenzangu hawapendi nikilisema, hata "shuti hatari" ni neno la mtu. Wape wahesabu wawili video moja, shuti la kipindi cha pili mmoja ataandika kipa alizibwa, mwingine ataandika aliona. Wanaokaa mezani kuhesabu mashuti kwenye viwanja nao wana mikono yao: mmoja anahesabu paki iliyoteleza polepole hadi kwa kipa, mwingine anaiacha. Ongeza mashuti matatu ya bure kwa mechi na kipa wa nyumbani amenenepa bila kufanya lolote.

Na nne: kuna makipa ninaowatazama wakiwa watulivu, hawarukiruki, paki ikirudi inaenda kona na si katikati, na moyo unaniambia huyu ni mzuri kabla hata ya mashuti 150. Mara nyingine naamini moyo kuliko hesabu. Kama ni ujuzi au ni mapenzi tu, sijaweza kutenganisha. Mtoto wa yule mzazi ni mmoja wao, lakini babake hatausoma ujumbe huo kutoka kwangu hadi Machi.

Hadi hapo, ukinitumia asilimia ya kipa, ambatanisha idadi ya mashuti, idadi ya wapinzani, na useme mangapi yalipigwa tukiwa tunaongoza. Shemeji, wewe tuma tu, nitakuona Thanksgiving.