Manifoldi ya Hewa Si Ekzosi: Acheni Kununua Rangi ya Moto

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya manifoldi ya hewa iliyobabuka rangi, na chini yake ujumbe ni uleule: "Fundi, mbona imebanduka na nilinunua ile ya digrii 650?" Jibu limo ndani ya swali. Imebanduka kwa sababu ulinunua ile ya digrii 650.

Naandika haya nipate cha kuwatumia watu badala ya kurekodi sauti ndefu kila mara. Gereji yangu iko Malindi, kwa hiyo nitakayosema kuhusu chumvi mtu wa Nakuru anaweza kuyaruka. Ya joto asiyaruke.

Imani yenyewe inakwenda hivi: injini ni moto, basi chochote kilichofungwa juu yake kipakwe rangi ya moto, na namba ikizidi kwenye kopo ndivyo rangi inavyozidi ubora. Muuza spea hawezi kukukatalia, maana kopo la namba kubwa ndilo la bei kubwa. Lakini hebu tujiulize manifoldi ya hewa inafanya kazi gani. Inapitisha hewa kutoka kwenye chujio kwenda kwenye silinda. Hewa ya nje hiyo, hata mchana wa Februari hapa kwetu ni digrii 30 na kidogo. Upande wa pili imefungwa kwenye hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), ambayo maji ya rejeta yanaishikilia kwenye digrii 90 hivi. Basi, hakuna moto mwingine. Ekzosi ndiyo inayopitisha gesi iliyoungua sasa hivi, na ukiikanyaga gari yenye mzigo inavuka digrii 600. Ukifungua boneti usiku utaikuta nyekundu.

Msinikubali kwa maneno tu. Endesha gari hadi Watamu na kurudi, fungua boneti, weka kiganja juu ya plenamu, lile tumbo kubwa la manifoldi ya hewa. Utautoa mkono haraka, lakini utautoa mzima. Sasa jaribu ekzosi. Hapana, usijaribu.

Mwenye kile kipimajoto cha miale apime, ila asikielekeze kwenye aluminiamu tupu. Aluminiamu inayong'aa inakidanganya, kinasoma chini sana, halafu mtu anakuja kubishana nami na namba ya uongo. Bandika kipande cha tepu ya karatasi, kiache kishike joto la aluminiamu, ndipo upime juu ya tepu. Na upime baada ya kuzima na kuiacha kwanza boneti imefungwa, maana hapo ndipo plenamu inapopata joto kuliko wakati wowote: hewa ya kuipoza imekatika na hedi bado inachemka. Nikipima hivyo sijaona iliyovuka 100. Pale bomba la EGR, lile linalorudisha moshi wa ekzosi kwenye manifoldi, linapoingilia joto hupanda, na zile za turbo husogea juu kidogo. Hapo nakubali tuzungumze. Kwingineko hakuna mazungumzo.

Sasa, rangi ya ekzosi ni ya silikoni. Ukiipuliza inakauka ukaigusa, ukadhani imekwisha. Haijakwisha. Inaiva kwa moto, na moto wenyewe umeandikwa nyuma ya kopo kwa yale maandishi ambayo hakuna anayeyasoma: makopo mengi yatakuambia nusu saa kwenye digrii 120 hivi, iache ipoe, nusu saa kwenye 200, iache ipoe, kisha nusu saa kwenye 300 na zaidi. Ekzosi inajiivisha yenyewe siku za mwanzo ukiendesha. Plenamu haitafika hata hatua ya kwanza mpaka gari iuzwe chuma chakavu. Kwa hiyo unachozunguka nacho mjini ni mkate wa mofa ulioanikwa juani, juu mkavu, ndani unga. Siku petroli itakapodondoka ukifungua reli ya injekta, au dawa ya kusafisha throtoli (mlango wa hewa wa injini) itakaporuka pembeni, utapangusa kwa kitambaa na rangi itaondoka na kitambaa. Kisha utalaumu joto, ukanunue ya digrii 800.

Kinachoshambulia rangi pale juu ni petroli, oili, dawa za kusafisha, na huku kwetu chumvi. Chagua rangi kwa hao. Ile enameli ya injini, ya namba ndogo, ikikauka sawasawa inatosha. Bora zaidi ni rangi ya bodi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, ileile ya milangoni. Watu hunitazama kama nimewatania nikisema hivyo. Ila hadina yake ina kemikali iitwayo isosayanati, na mapafu yakishaharibiwa nayo hayana spea. Barakoa ya hospitali haizuii kitu. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio vya kaboni, pulizia nje, na watoto wasikae upande upepo unakoelekea.

Praima, rangi ya chini ya kushikia, ni jambo ambalo mimi mwenyewe sijatulia nalo. Vitabu vinasema aluminiamu lazima ianze na praima ya asidi. Naipaka, lakini mkiniapisha sitaapa kwamba ndiyo inayofanya kazi. Nimeona manifoldi zisizo na praima zikishika miaka, na zenye praima zikibabuka kabla ya Ramadhani kurudi. Nashuku kazi inafanywa na msasa na usafi, praima inapokea pongezi. Kitu kimoja tu: usiweke epoksi juu ya praima ya asidi. Hao wawili hawapatani.

Kabla hujafungua hata nati moja, gonga kwa ukucha. Probox yenye injini ya 1NZ ina manifoldi ya plastiki. Yamekuja magari ya namna hiyo na mwenyewe ameshanunua rangi, praima na msasa. Rudi nyumbani, ndugu yangu, rangi kapakie geti.

Kufungua sitaeleza sana, kila injini ina vituko vyake. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa mpaka injini ijifie ili petroli isikurukie machoni, kisha toa negativu ya betri. Piga picha kila kipaipu cha vakyumu kabla ya kukichomoa, na ukiandikie namba juu ya tepu, kwa sababu kesho vyote vitafanana. Kama maji ya rejeta yanapita kwenye throtoli, yateremshe kwanza. Bolti za chuma zilizokaa ndani ya aluminiamu kwenye hewa ya bahari zimeshaanza kulana. Zinyweshe mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue asubuhi. Ukilazimisha zitakatika, na hapo kazi ya nyumbani imekuwa kazi ya fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Plenamu ikishatoka, ziba matundu ya hedi kwa kitambaa kisafi na juu yake tepu pana. Kitambaa peke yake hakitoshi. Washa moja ya bolti ikitumbukia silinda, hutakumbuka tena habari za rangi.

Sasa usafi, na hapa sina haraka.

Kwanza, wasiohitajika. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni inaila aluminiamu yenyewe, inatoa mapovu na gesi ya haidrojeni, na mtu ametumbukiza plenamu nzima kwenye pipa akidhani anatoa rangi ya zamani tu. Brashi ya waya wa chuma inaacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu, na huku pwani chembe hizo zinapata kutu chini ya rangi mpya. Tumia ya nailoni au ya stenlesi. Kisha kuna wa kupuliza mchanga. Mmoja alitaka kutumia wa ufuo wa Silversands hapa Malindi kwa kuwa ni wa bure. Achilia mbali chumvi iliyomo. Tatizo kubwa ni kwamba plenamu nyingi hazifunguki katikati, na mchanga unajificha kwenye kona usizoziona. Utaosha, utapuliza hewa, utaapa imetoka. Siku ya kwanza ukiwasha, mtetemo unaangusha chembe zilizobaki na injini inazivuta hadi kwenye ringi za pistoni. Sikubali kupuliza mchanga plenamu ya namna hiyo, wala usiniombe.

Ninachofanya mimi: dawa ya kuondoa grisi, brashi, maji moto na sabuni ya vyombo, kisha tena, kisha tena. Ndani pia, maana moshi wa EGR na mvuke wa oili huacha lami nyeusi ambayo itatiririka na kuchafua nje wakati unapaka. Magari yanayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni huja na unga mweupe juu ya aluminiamu, na chini ya unga kuna vishimo. Kuukwangua unga ni rahisi. Chumvi iliyolala ndani ya vishimo ndiyo kazi. Hiyo inataka maji moto mara nyingi na subira, na ikibaki itanyanyua rangi kwa malengelenge hata ukipaka ya bei gani.

Na hapa ndipo watu wa Malindi mnapojirudisha nyuma kwa mikono yenu: mnasuuza kwa maji ya kisima. Visima vingi vyetu vina chumvi, mnaijua mkinywa chai. Umetoa chumvi saa nzima, umeirudisha kwa ndoo moja. Suuza kwa maji ya mfereji, na suuzo la mwisho litumie maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi), yale ya chupa ya plastiki kwenye vituo vya petroli. Kisha tazama maji yanavyokaa. Yakitanda kama utando mmoja mpaka yateremke, ni safi. Yakijikusanya matone matone, pana oili pale, rudi kwenye sabuni. Hata alama ya kidole utaiona: utando unapasuka mahali hapo hapo ulipogusa. Vaa glavu.

Msasa wa 180, halafu wa 320, pasiwe na pahali panapong'aa. Paka siku hiyohiyo, maana aluminiamu iliyosuguliwa inaanza kujivika oksaidi mara tu inapokutana na hewa.

Siku ya kupaka: hapa tuna unyevu, na unyevu unaifanya rangi ipauke, mvuke wa maji unaganda juu ya rangi iliyopozwa na thina inayoruka. Msimu wa masika usijisumbue. Siku nyingine anza kama saa nne asubuhi, umande umeshaondoka na upepo wa bahari haujakaza. Kusi ikivuma tafuta kuta nne. Mikono ya rangi iwe myepesi, mitatu ni bora kuliko mmoja mzito. Oveni ya gesi ya jikoni isahau: moto wazi na mvuke wa thina havikai chumba kimoja. Iache juani, ndani ya sanduku ili vumbi lisiingie, na uipe wiki nzima hata kama inaonekana kavu. Kisha ijaribu mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye petroli.

Wanaotaka ile nyekundu ya mikunjo kama ya Subaru STI: hiyo ni rangi nyingine kabisa, inapakwa nzito na kwa haraka, mkono juu ya mkono, na inapenda joto la digrii 90 hivi ili ijikunje sawasawa. Huku kwetu mikunjo inashika vumbi na chumvi na haifutiki. Siwashauri. Inapendeza lakini, sitadanganya.

Usipake ndani. Usipake uso wa gaskiti, wala anapokaa throtoli, wala matundu ya sensa. Na usipake penye athi, pale waya wa umeme unaposhikana na chuma cha injini. Kijana mmoja alinivutia gari hapa kwa kamba, akasema shikamoo na kabla sijaitikia akaniambia kompyuta ya gari imekufa. Marahaba, nikamuuliza ulipaka rangi lini? Akashangaa nimejuaje. Toyota nyingi za zamani waya za athi za kompyuta zimefungwa kwa bolti kwenye manifoldi yenyewe. Alikuwa amepaka nyeusi nzuri, inang'aa, na kile kichwa cha waya chenye tundu kimekaa juu ya rangi. Nilikwangua duara la ukubwa wa shilingi kumi, nikafunga, ikawaka. Kompyuta aliyokuwa amekwenda kuulizia bei haikuwa na kosa lolote.

Kurudisha: gaskiti mpya daima, ya zamani imeshajikandamiza. Bolti za katikati kwanza, ukitoka nje kwa zamu. Za milimita 8 kwenye aluminiamu nyingi hukazwa kwa nguvu ya Nm 20 hadi 25 kwa spana ya kipimo, lakini angalia ya injini yako. Bolti zipake grisi ya kuzuia kushikana kidogo tu, na ujue kwamba zikiwa na grisi zinakazika zaidi kwa nguvu ileile.

Ukiwasha, kama injini inapanda na kushuka yenyewe au unasikia mluzi, kuna mahali inavuta hewa. Mafundi wengi hukimbilia kopo la kusafisha kabureta, wapulize kwenye viungo wasikilize. Usifanye hivyo juu ya rangi ya wiki moja, itayeyuka mbele ya macho yako. Chupa ya kunyunyizia maua yenye maji inatosha: nyunyiza kidogo kidogo kwenye kiungo, mbali na koili na soketi za waya, na mngurumo ukibadilika, hapo ndipo pa kufungua tena.