Je, mfumo wa kujenga programu unaonyumbulika zaidi ndio bora?

Waandishi wengi wa programu huamini kwamba mradi unapobadilisha mfumo wa ujenzi (zana inayogeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa), salama ni kuchagua ule unaoruhusu mambo mengi zaidi. Inaeleweka: nani anataka kukwama katikati ya kuhama?

Ila uhuru huo una gharama. Make, mfumo wa ujenzi ulioanza mwaka 1976, hupokea karibu amri yoyote ya sheli (programu inayopokea amri za maandishi) ndani ya kanuni zake, na ndiyo sababu faili zake huweza kukua hadi zikaeleweka na mtu mmoja tu katika timu. Meson, mfumo mwingine wa ujenzi, kwa makusudi haimruhusu mtumiaji kujitungia funksheni, yaani vipande vya msimbo vyenye jina vinavyoweza kuitwa tena na tena. Inakera mwanzoni, tukubali. Lakini faili ya mradi mmoja husomeka karibu sawa na ya mwingine.

Unaweza kupima mwenyewe. Jenga mradi mara mbili mfululizo bila kugusa chochote. Mara ya pili kusiwe na kazi ya kufanya; ikiwepo, mfumo haujui vizuri kilichobadilika na kisichobadilika. Kisha orodhesha mambo ya pekee ambayo mfumo wa sasa unayafanya, mathalani kuzalisha msimbo au kujenga kwa ajili ya prosesa ya aina nyingine. Baadhi yatakuwa viraka vya zamani visivyohitajika tena. Yaliyobaki yajaribu kwanza kwenye mfumo wenye masharti.