Eti tabia haina dawa? Tunayoyaamini kuhusu mtu na mazingira yake

Nina ofisi ya ushonaji jirani na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na huwa napokea vijana wa kujifunza cherehani. Mzazi akimleta mwanawe, hata hajakaa ataniambia, "Huyu mpole mno, kaumbwa hivyo," au, "Huyu mtaa umemharibu." Mtoto kasimama pale pale anasikia. Maneno haya yananiuma, maana nimeona yakiwafungia vijana milango.

Dhana: Mwana wa nyoka ni nyoka, tabia mtu huzaliwa nayo.

Ukweli: Kurithi kupo, sikatai. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti za mapacha za miaka 50, zaidi ya jozi milioni 14, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 49 ya tofauti kati ya watu inahusiana na urithi. Shika hilo neno "tofauti". Hiyo ni hesabu ya kundi zima la watu. Haisemi kwamba nusu yako umeitoa kwa baba na nusu ya pili mtaani.

Na ulichorithi hakikai peke yake. Mtoto mchangamfu huchekewa na kila anayepita, akabebwa, akasemeshwa. Mdogo wake anayelialia hunyonyeshwa akalazwa. Mama ni yule yule na nyumba ni ile ile, ila watoto hawa hawakulelewa katika mazingira mamoja, na wenyewe wamechangia kuyatofautisha.

Dhana: Mazingira ndiyo humuumba mtu.

Ukweli: Mazingira yana nguvu, lakini nayo huundwa. Mwanasaikolojia Albert Bandura alizaliwa mwaka 1925 katika mji mdogo wa Mundare, Kanada. Shule ya pale ilikuwa na walimu wawili tu na vifaa haba, hivyo wanafunzi wakajizoeza kujitafutia elimu wenyewe. Mwaka 1961, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, yeye na wenzake walitumia watoto 72 kuonyesha jinsi mtoto anavyoiga akimwona mtu mzima analipiga sanamu la kuchezea. Wengi tumeishia hapo: mtoto huiga anachokiona, basi. Bandura hakuishia hapo. Mwaka 1978 aliandika kwamba kuna vitu vitatu, yaani mtu na yaliyomo moyoni mwake, matendo yake, na mazingira yake, na kila kimoja kinavigusa viwili vingine. Mazingira yanakusukuma, nawe ukitenda unayageuza, kisha yanakurudia yakiwa yamegeuka.

Hili nililielewa kwa kosa langu mwenyewe. Niliwahi kupokea binti kutoka Kibosho, mkimya kweli. Ukimwita anaitika "abee mama" kwa sauti ya chini hadi umsogelee. Kwa kumwonea huruma nikampa cherehani ya ndani kabisa, inayotazama ukuta, ili wateja wasimsumbue. Wateja wakazoea kumpita. Hakushika futi kamba kumpima mtu hata siku moja, kazi yake ikawa pindo na vifungo. Miezi ikapita, akazidi kunyamaza, nami nikawa nawaambia watu, "Si mnaona? Ndivyo alivyo." Kumbe ukimya wake ulinifanya nimfiche, kumficha kukamnyima kazi ya watu, na kukosa kazi ya watu kukamthibitishia kwamba haiwezi.

Siku fundi wangu wa mbele alipougua, nilimleta binti barazani kwa kukosa mtu. Akaja mama mmoja na kitenge chake. Binti akampima kiuno mara tatu, mkono unatetemeka, akaandika vipimo kwa chaki kwenye meza. Gauni likakaa. Juma lililofuata yule mama akarudi na dada yake, wakamuulizia "yule binti mpole". Angalieni: upole ule ule niliouona ugonjwa, wao ndio uliowarudisha. Sikumrudisha ndani tena. Bandura angesema ameonja kufaulu kwa mikono yake mwenyewe, na alifundisha kwamba hakuna kinachompa mtu imani ya kuweza kuliko hicho.

Dhana: Ukiwa na nia, mazingira si kitu.

Ukweli: Dhana hii inawatesa sana wanaopambana na ulevi au unga. Kijana akirudi maskani akateleza, tunasema hana nia. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971, ambako wengi walikuwa wameingia kwenye heroini. Kati ya waliokuwa mateja kule, ni takriban asilimia 5 tu waliorudia uteja ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Sisemi kuhama kunaponya kila mtu. Lakini nia ya mtu anayerudi kila jioni kwenye benchi lile lile, kwa wenzake wale wale, inabeba mzigo ambao nia ya mwingine haibebi, na si haki kuzipima kwa mizani moja.

Dhana: Mtu ana tabia moja popote alipo.

Ukweli: Konda anayepaza sauti stendi asubuhi ndiye huyo anayekaa kimya kanisani jioni, na hajifanyi popote. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alionyesha kwamba vipimo vya hulka vinabashiri kwa udhaifu mtu atafanya nini katika tukio moja mahususi. Hulka ipo, ila inajionyesha kulingana na mahali na waliopo.

Binti wa Kibosho sasa hubishana bei na wauza vitenge hadi wanapunguza. Juzi mama yake alipita ofisini akamkuta katikati ya ubishi huo, akasimama akimtazama. Baadaye akanivuta pembeni. "Nyumbani bado haongei," akaniambia. "Huku mmempa nini?"

Nikamwonyesha kiti chake cha barazani.